Matembezi ya Kila Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi Edina alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamsaidia mama yake, Enesi, kupanga rasta za kusukia nywele kwenye mfuko. Enesi alikuwa msusi hodari pale Tunduma, lakini Jumamosi alivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kusuka katika saluni ya rafiki yake. Edina alifuatana naye ili amchambulie rasta. Wakifika dirishani kwa maafisa wa uhamiaji, walisema maneno yaleyale: "Tunakwenda kutembea."

Wengi mpakani husema hivyo. Mtu ana kibarua chake huko, au ana meza yake ya nyanya, lakini akiulizwa, yeye anatembea tu!

Jumamosi moja, hata hivyo, ilikuwa ya matembezi kweli. Diana, dada yake Edina aliyeolewa Nakonde, alikuwa amejifungua, na mchana huo mtoto angepewa jina. Enesi alibeba mchele wa Kamsamba. Edina alivaa gauni la kanisani, na kwa furaha hata uji hakuumaliza.

Dirishani alikuwepo afisa wa Zambia aliyeitwa Brenda. Aliwasalimu kwa Kibemba.

"Mulishani, mama. Leo mnakwenda wapi?"

"Bwino, mwanangu. Tunakwenda kutembea."

"Kila Jumamosi kutembea? Nakonde tuna simba wa kutazama?" Watu kwenye foleni wakacheka. "Na hicho kitana kichwani?"

Enesi alipapasa kilemba chake. Wasusi wana mazoea ya kuchomeka kitana kichwani, na chake kilikuwa hapohapo, kimesimama wima. Aibu ikamshika.

"Leo nawarudisha," Brenda akasema. "Kibali cha matembezi si cha kufanyia kazi."

"Haki ya Mungu, leo nakwenda kwa binti yangu! Amejifungua!"

"Wiki iliyopita ulisema unakwenda kwa shangazi."

Machozi yalimlengalenga Edina. Yaani mtoto apewe jina wao wakiwa wamezuiwa mpakani! Akasogea dirishani.

"Shikamoo, afande. Siku zote tulikuja kusuka. Mama anasuka, mimi nachambua rasta. Lakini leo kweli tunakwenda kwa dada. Mumewe anaitwa Mika. Mpigie simu, tafadhali."

Enesi alimvuta mkono, kisha akamwachia. "Mtoto amesema kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, afande."

Brenda akaomba namba, akapiga simu. Mika alipopokea, kichanga kilisikika kikilia nyuma yake kwa nguvu zote. Brenda akacheka.

"Haya, piteni. Lakini anayekuja kufanya kazi aombe ruhusa ya kazi. Mkija tena na habari za kutembea huku mnakwenda kusuka, mtazuiwa, na mjukuu hamtamwona."

Walikuta jina bado halijatajwa. Diana alimpakatisha mdogo wake yule mtoto. "Jina lake ni Edina," akasema. Watu wakapiga vigelegele, na Edina mkubwa akalia kwa furaha.

Walipotulia, Enesi alimkalisha binti yake karibu. "Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Mpaka nipate ruhusa, wateja watanifuata Tunduma. Tukidanganya siku za kawaida, siku tukiwa na jambo la kweli nani atatuamini? Leo ni ukweli wako uliotufikisha hapa."

Edina aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumbembeleza mtoto.