Aliyegonga Ukuta wa Wodi

"Tusogeze harusi mbele. Wiki mbili tu."

Fundi cherehani alitema pini kiganjani. Gauni lake mwenyewe la harusi lilikuwa mezani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado, na mchumba wake anamwambia hayo kwenye simu kama mtu anayeahirisha kunyoa!

"Ni kwa sababu ya huyo msichana wa ukutani?"

"Nataka nimwone tu. Nimshukuru."

Wimbo wa mchumba wake ulikuwa midomoni mwa kila mtu. Aliutunga kutokana na utoto wake: akiwa na miaka sita aliugua surua, akatengwa peke yake wodini, na kila jioni mtu fulani alimgongea ukutani, naye akajibu. Hakuwahi kumwona. Aliamini tu kuwa ni msichana, na imani hiyo ndiyo iliyomkereketa fundi.

"Wanawake kumi na tisa wamepiga simu redioni wakidai ndio wao," mtunzi akaendelea. "Waongo wote."

"Umejuaje?"

"Wote wamegonga kama kwenye wimbo, mara tatu. Wimboni nilibadilisha makusudi. Anayejua ilivyokuwa hasa, ndiye."

"Ilikuwaje?"

"Hiyo simwambii mtu."

"Hata mimi?"

"Naomba univumilie, mpenzi." Akakata.

Fundi alikuwa mdadisi wa kuzaliwa, na sasa wivu umeumwagia udadisi huo mafuta. Alikuwa bado anajiuliza msichana huyo anafananaje, mama mkwe mtarajiwa alipoingia kupimwa nguo ya harusi.

"Karibu, mama. Nyoosha mkono."

Redio ya duka la jirani ikaanza wimbo ule ule. Mama, mawazo yake mbali, akagonga meza kwa kidole cha mkono mwingine. Moja. Akatulia. Kisha tatu za harakaharaka.

Futi ikamponyoka fundi.

"Mama, wimboni ziko tatu tu."

"Mwanangu kaimeza ya kwanza. Ile ya kwanza ni ya kumuuliza kama yuko macho."

Akajiziba mdomo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Mama akakaa juu ya majora ya vitambaa.

"Walinikataza kuingia, mwanangu. Na akisikia sauti yangu alilia mpaka homa ikapanda. Basi nikawa nasimama nje, kwenye mapipa ya taka, nagonga. Siku aliyotoka akaniambia ana mchumba nyuma ya ukuta. Mtoto kakonda hivyo, ana furaha moja tu, nimnyang'anye?"

"Mwambie leo."

"Ataona aibu. Nchi nzima imeshalia na wimbo wake."

"Na mimi je, mama? Gauni langu lina mkono mmoja!"

Mama akamtazama, akatazama gauni, akashusha pumzi.

"Mwite."

Fundi akaandika: "Nimempata. Yuko hapa kwangu. Kagonga moja, akatulia, kisha tatu."

Jibu likaja hapohapo: "USIMWACHE AONDOKE!!!"

Mtunzi aliingia anahema, vifungo vya shati vimepishana. Akachungulia nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Yuko wapi?"

"Mbele yako."

"Hapa si yupo mama tu?"

Mama akanyoosha kidole. Akagonga meza. Moja. Kisha tatu.

Mtunzi alisimama kama aliyesahau alichofuata. Mkono wake ukajongea mezani wenyewe, akajibu: mbili, polepole. Halafu uso ukamvunjika, akalia kwa sauti bila kujali wapita njia.

"Mama, kila siku? Hata ile siku ya mvua?"

"Hata ya mvua."

"Miaka yote hii, kwa nini hukusema?"

"Ungenielewa? Uliapa utamuoa!"

Fundi akacheka mpaka akajishika ubavu, na machozi yanamtoka pia. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu wimbo ule utoke.

"Mama," mtunzi akasema, akijifuta uso kwa kipande cha bitana, "nimesogeza harusi kwa ajili yako."

"Basi irudishe ilipokuwa," mama akasema, akasimama na kunyoosha mkono apimwe.