Kilio Kisicho Chake

Kengele ya kutoka ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani. Redio alikimbilia stoo.

Redio halikuwa jina halisi la msichana huyu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu tangu darasa la kwanza aliweza kuiga kila sauti: mlango usiotiwa mafuta, pikipiki inayogoma kuwaka, hata kikohozi cha mwalimu mkuu. Jina likamfuata mpaka nyumbani, na mama yake akachoka kulikataa.

Stoo ilikuwa nyuma ya ukumbi wa shule, chumba kidogo cha kutupia viti vibovu. Mwongozaji wa filamu, mwanamke mrefu aliyewahi kusoma shuleni hapo, ndiye aliyeigeuza kuwa chumba cha sauti cha kikundi chao cha filamu. Aliziba dirisha kwa godoro kuukuu, akatundika mablanketi ukutani, akawaagiza wafunge mlango kila wanapofanya kazi ili kelele za uwanjani zisiingie. Mlango ukishafungwa, hata pumzi ya jirani yako uliisikia. Joto nalo halikuwa la mchezo.

"Siku moja tutatoka humu tumeiva," Kiranja alipenda kusema. Huyo alikuwa kiranja wa darasa lao, mvulana asiyepoteza hata kifuniko cha kalamu, na kwa hiyo alikabidhiwa kompyuta.

Siku ya kwanza mwongozaji aliwaonyesha picha fupi. Mlango ulifunguka polepole, na hapakuwa na mtu. Kwanza aliipigia kinanda cha haraka haraka, cha furaha.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Mgeni!" wakajibu.

Akairudia picha ileile, safari hii na ngoma nzito ya chini chini.

"Jambazi!" walipiga kelele, na wawili wakakamatana mikono.

Mara ya tatu aliondoa muziki wote, akaacha upepo mwembamba peke yake. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Kuna mtu ameondoka. Harudi."

"Mlango ni uleule," mwongozaji akasema. "Macho yanaona kitu, lakini masikio ndiyo yanayouambia moyo uogope, ufurahi au uhuzunike. Mwenye kazi ya sauti ameshika mioyo ya watu mkononi. Asiwe na mkono wa pupa."

Redio alilisikia neno moyo likaingia. Neno pupa likapita.

Filamu yao ilimhusu mama anayeandaa meza kwa watu wawili, akijua kwamba mwanawe hatarudi. Msichana aliyeigiza mama alikuwa na uso mzuri wa huzuni, lakini kila alipoambiwa alie alicheka mpaka akapaliwa. Ikaamuliwa kwamba atafunika uso kwa mikono, na kilio kitawekwa baadaye. Kazi hiyo akapewa Redio. Juma zima likapita, hana kitu.

Nyumbani, Redio alilala chumba kimoja na mama mdogo, yaani mdogo wake mama. Mama mdogo alikuwa mshonaji. Alihamia kwao na cherehani yake na sanduku moja, baada ya kufiwa na mtoto wake mchanga. Mchana alitania wateja, alimtania Redio, alitania hata sindano ikimchoma. Kuhusu mtoto hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alasiri moja Redio aliwaza kwamba mlio wa cherehani, ukipunguzwa kasi, ungefanana na mvua ikipiga bati. Akaiwasha simu ya mama yake irekodi, akaiacha nyuma ya rundo la vitambaa, akaenda kuchota maji. Aliporudi aliichukua, akahamishia sauti ile kwenye kinasa sauti cha kikundi, akaifuta kwenye simu.

Kesho yake, ndani ya stoo, alivaa hedifoni na kusikiliza. Cherehani ilikuwa ikikimbia. Lakini ilikimbia kwa namna ya ajabu, nyepesi mno, kama isiyoshona kitu. Ndipo akasikia sauti nyingine chini yake. Cherehani ikasita, huenda mguu ulichoka, na kwa muda mfupi kilichobaki ni mtu anayelia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu aliyezoea kukizuia kilio kisivuke mlango.

Kumbe mama mdogo huikimbiza cherehani bure ili asisikike!

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kabla hajabonyeza, Kiranja alimvua hedifoni akazivaa yeye. Uso wake ukabadilika.

"Hii... umeipata wapi?"

"Nimelia mimi," Redio akasema. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri.

"Wewe? Redio, wewe ni hatari!"

Basi jambo likawa limekwisha kuharibika. Kilio kikawekwa kwenye filamu, na tukio lililokuwa likiwachekesha sasa liliwafanya wajifute macho. Mwongozaji aliliangalia mara mbili, kisha akamshika Redio bega. "Una kipaji kikubwa," akamwambia. Sifa ile ilimkwama Redio kooni kama kipande cha muhogo mkavu.

Tangu siku hiyo stoo ikageuka kifungo. Kila alasiri mlango ulifungwa, godoro limeziba dirisha, jasho linamtiririka, na Kiranja akikipiga kilio kile tena na tena ili akipange sawasawa na picha. Kikianza, Redio alitazama chini. Kikiisha, Kiranja alisema, "Turudie kidogo." Akaenda nyumbani, nako hakukuwa na nafuu. Mama mdogo akikanyaga cherehani, Redio alisikiliza kwa hofu: inashona, au inakimbia bure? Redio akitoka chumbani alionekana kama anamkimbia. Akibaki alijiona mwizi.

Alijaribu kutafuta mwanya. Alimwambia Kiranja kwamba sauti imeharibika na lazima warekodi nyingine.

"Usijali," Kiranja akajibu, "ninayo nakala. Ninazo mbili."

Akajaribu kulia yeye mwenyewe, amejifunika blanketi stoo. Aliposikiliza, alisikia mbuzi aliyefungiwa nje. Mbaya zaidi, mwalimu mkuu alikuja kutembelea kikundi, akaagiza kwa bashasha, "Hebu nisikie hicho kilio kinachosifiwa! Lia kidogo, binti yangu."

Macho yote yakamgeukia. Redio alifumba macho, akakaza koo, akatoa sauti: mbuzi yuleyule. Mtu mmoja akacheka puani. Kiranja akakunja uso.

"Nina mafua, mwalimu," Redio akasema.

"Pole. Utatulilia siku ya onyesho," mwalimu mkuu akatania, akaondoka.

Kiranja hakutania. Alimtazama Redio kwa muda mrefu, kisha akaendelea na kazi yake.

Jioni hiyo mama mdogo aliingia ndani ana furaha, amebeba mzigo wa kitambaa cheusi. "Redio! Shule yenu imenipa kazi. Ninashona mapazia ya ukumbi, ya kuzuia mwanga siku ya filamu yenu. Na nimeahidiwa kiti cha mbele!"

"Mama mdogo, filamu yenyewe si nzuri sana," Redio akasema kwa sauti ndogo. "Ni ya kitoto. Utachoka bure."

"Nichoke? Filamu ya mwanangu?" Mama mdogo akambana shavu. "Hata ikiwa ya kuku wanadonoa, nitakaa mpaka mwisho."

Redio hakula vizuri. Njia ya mwongo ni fupi, na yake sasa aliiona mwisho wake: kiti cha mbele, giza la mapazia, na vipaza sauti viwili vikubwa.

Alasiri ya kuamkia siku ya onyesho, mama mdogo alikuja shuleni kutundika mapazia. Alipanda ngazi, pini mdomoni, akaanza dirisha la kwanza. Ukumbi ukapungua mwanga. Akaenda la pili, la tatu, na kila pazia liliposhuka Redio aliona kama ukuta mwingine umeongezwa. Karibu na jukwaa, Kiranja alikuwa akiunganisha nyaya.

"Tujaribu vipaza sauti," mwongozaji akasema. "Weka tukio la meza."

Kiranja akanyoosha kidole.

"Usibonyeze!" Redio akapiga kelele.

Watu wakageuka. Hata mama mdogo alitazama chini kutoka kwenye ngazi. Redio akinyamaza, kilio kitajaza ukumbi sasa hivi. Akisema yote, atamwanika mama mdogo mbele ya watu. Akamsogelea mwongozaji, akamnong'oneza, "Naomba tuongee stoo."

Mlango wa stoo ulipofungwa, aliyasema yote kwa mkupuo mmoja. "Kile kilio si changu. Kuna mtu nilimrekodi bila yeye kujua. Nilidanganya."

Mwongozaji hakufoka. Afadhali angefoka. "Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Yuko wapi?"

Redio akatazama upande wa ukumbi. "Juu ya ngazi," akasema, na mwongozaji akaelewa.

"Basi si mimi ninayepaswa kuombwa radhi kwanza," akasema. "Nitamwita. Maneno utayatafuta mwenyewe."

Mama mdogo akaingia, pini sasa ziko mkononi. Redio alimweleza: simu nyuma ya vitambaa, mvua aliyokuwa akiitafuta, cherehani iliyosita. Alieleza huku akitazama viatu vyake.

"Niisikie," mama mdogo akasema.

Akavaa hedifoni za kinasa sauti. Alisimama wima, hata kope hakupepesa. Kilio chake mwenyewe kilipita masikioni mwake mpaka kikaisha, kisha akazivua taratibu na kuziweka mezani.

"Nilidhani cherehani inanifunika," akasema. "Kina nani wamesikia?"

"Kikundi chote. Na mwalimu mkuu ameambiwa habari zake. Lakini hawajui kuwa ni wewe, mama mdogo. Wanadhani ni mimi."

"Na sifa ukapokea."

Machozi yalimshuka Redio, ya kweli safari hii, na hakuna aliyeyarekodi.

"Futa," mama mdogo akasema. "Zote." Akatoka, akarudi kwenye ngazi yake, akatundika mapazia yaliyobaki bila kumtazama mtu.

Mwongozaji akakiita kikundi. Redio akasimama mbele yao. "Nilisema kilio ni changu. Haikuwa kweli. Niliichukua sauti ya mtu bila ruhusa, na siwezi kusema ni nani. Naomba mnisamehe."

"Nilijua!" Kiranja akasema kwa hasira. "Ulilia kama mbuzi mbele ya mwalimu mkuu! Onyesho ni kesho, sasa tutaweka nini?" Lakini alifungua kompyuta, akafuta nakala ya kwanza, kisha ya pili, kisha ile ya kwenye kinasa sauti, akamgeuzia Redio kioo ajionee kwamba hakuna iliyobaki.

Walilitazama tukio lile bila sauti yoyote. Mama anaweka sahani mbili. Anakaa. Anafunika uso. Mmoja akapendekeza waweke muziki wa huzuni. Wakajaribu, likawa kama tangazo la sabuni, wakacheka bila kupenda.

"Redio," mwongozaji akasema, "chumba cha huyu mama kina nini ndani yake?"

Redio akapangusa uso, akafikiri. "Kijiko. Kiti cha mbao. Na nje... nje pana watoto wa watu wengine wanacheza."

Wakafungua mlango wa stoo. Kwa mara ya kwanza walizitaka kelele za uwanjani. Redio alisimama kizingitini na kinasa sauti, akawaeleza watoto wa darasa la pili anachorekodi na kazi yake, akawaomba ruhusa.

"Tucheze kwa nguvu?" wakauliza.

"Chezeni kama siku zote."

Kwenye onyesho, mapazia yakashushwa na ukumbi ukajaa. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Redio alikitazama mpaka taa zikazimwa. Tukio la meza likafika. Kijiko kiligonga sahani ya pili. Kiti kikalia kidogo. Kwa mbali, watoto wakacheka na kuitana kwa furaha, huku yule mama amefunika uso. Hapakuwa na muziki wala kilio. Ukumbini mzee mmoja alitoa leso. Mwalimu mkuu, aliyezoea kukohoa, hakukohoa.

Taa zilipowashwa, Redio alimwona mama mdogo amesimama mlangoni kabisa, nyuma ya watu wote. Hakujua amefika saa ngapi.

Walirudi nyumbani pamoja, mama mdogo akitangulia hatua moja.

"Nilikukasirikia," mama mdogo akasema, "na bado nimekasirika kidogo. Itapita. Lakini nisikilize, mwanangu. Mali ya mtu ni mali yake, hata isiyoshikika kwa mkono. Uchungu wangu ni wangu. Ukiutaka, niombe. Nikikunyima, kubali kunyimwa. Na ukikosa, sema siku ileile, kwa sababu uwongo ni kama kidonda: kikiwahiwa kinapona, kikifichwa kinakuwa donda ndugu. Umechelewa kusema, lakini umesema kabla sijaaibika mbele za watu. Hilo nimeliona."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusikia."

Wakaendelea kutembea. Redio akavuta pumzi. "Naweza kukuuliza jambo? Ukinikatalia, basi."

"Uliza."

"Mdogo wangu... alikuwa analiaje?"

Mama mdogo akasimama katikati ya njia. Tangu ahamie kwao, hakuna aliyewahi kumuuliza. Redio akaogopa kwamba ameharibu tena. Kisha mama mdogo akamshika mkono, wakaendelea kwenda polepole.

"Alikuwa anaanza na kwikwi," akasema. "Moja, halafu anakutazama kwanza, kama anakuuliza alie au asilie..."

Akaendelea kusimulia hata walipofika nyumbani, na mama yake Redio akavuta kiti, akasikiliza naye.