Zamu ya Atukunda Kubebwa

Kila Jumamosi asubuhi Atukunda alimsaidia mama yake, Vasta, kumenya ndizi za kuchoma sokoni Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kabla hawajawasha mkaa, Mzee Danieri alipita kukusanya mchango wa chama cha machela. Zamani wanachama waliwabeba tu wagonjwa kwa machela na kuwashusha kutoka mlimani, ambako gari halifiki. Siku hizi mchango huo uliwalipia pia matibabu katika kituo cha afya. Wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Hima walikatiwa bima na mwajiri. Wachuuzi wa Bwera walijitengenezea ya kwao.

Kila nyumba ilitoa sawa, na hilo ndilo lililomchoma Atukunda. Elise, mama Mkongomani aliyeuza vitenge, alitoa sawa na wao, lakini binti yake Benedicte, mwenye ugonjwa wa selimundu, alibebwa mara kwa mara. Atukunda hakuwa amebebwa hata siku moja. Tena Benedicte alirudishwa na soda mkononi, wanawake wakimwimbia njia nzima! Atukunda alimwonea wivu.

"Mama, sisi kazi yetu kutoa tu, wengine wanakula," alinung'unika.

"Chunga mdomo wako," Vasta alimjibu, akigeuza ndizi.

Mdomo aliuchunga, moyo ukamshinda. Jumapili, waliporudi nyumbani kwao mlimani kutoka kanisani, alijitupa kitandani, akashika tumbo na kulia. Loo, binti yule alijua kulia! Vasta alipiga yowe, majirani wakaja mbio. Mzee Danieri, aliyewahi kuwa askari, akatoa amri: "Wawili mbele, wawili nyuma! Twende!"

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Wabebaji walihema, Vasta akawafuata akiomba Mungu. Juu ya machela Atukunda alijifunika shuka hadi usoni, akatabasamu. Leo ni zamu yangu, aliwaza.

Walikuwa karibu kufika bondeni waliposikia sauti ya Elise kutoka juu.

"Murudishe machela! Mutoto yangu iko nakufa!"

Wabebaji walisimama. Benedicte alikuwa ameshikwa tena na maumivu, na machela ilikuwa hiyo moja tu.

"Huyu hatuwezi kumwacha njiani," Danieri alisema kwa uchungu. "Tumfikishe kwanza, halafu turudi."

Tabasamu lilimtoka Atukunda. Aliwahi kumsikia Benedicte akilia kwa maumivu yale, na hakikuwa kilio cha kuigiza. Aliona aibu, akaogopa, kisha akaruka chini kwenye tope.

"Siumwi! Nimedanganya! Mrudieni Benedicte, haraka!"

Danieri alimtazama kwa ukali. "Wewe! Tutaongea baadaye." Wakageuka, wakaupanda mlima mbio.

Jioni Benedicte alikuwa amelala kituoni, ametundikiwa maji, maumivu yamepungua. Atukunda aliingia na mama yake, magoti yakiwa bado na tope.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuonea wivu. Unabebwa, unaimbiwa, unapewa soda."

Benedicte alimshangaa. "Ni mie nilikuonea wewe wivu. Wewe unatembeaka na miguu yako mupaka ku soko. Ile soda ni ya kumezea dawa tu."

Atukunda alilia, safari hii kweli. Vasta akamshika bega.

"Mwanangu, hatutoi mchango ili kila mmoja apate zamu ya kuugua. Tunatoa ili atakayeugua asikose matibabu, awe mtu wa hapa ama wa Kongo. Siku tukilala wazima, fungu letu tumeshapata."

Benedicte alipopata nafuu, wabebaji walikuja kumrudisha nyumbani. Mzee Danieri alimwita Atukunda, akampa viatu vya mgonjwa.

"Beba hivi. Ndiyo adhabu yako."

Atukunda alivibeba hadi juu mlimani. Njiani alivigeuza akavitazama upande wa chini. Benedicte alikuwa amenunuliwa viatu hivyo tangu mwaka jana, lakini soli zake zilikuwa bado mpya.