Nyumba Iliyosubiri Moshi

Mikono yao ilikutana ndani ya friji la nyama, juu ya mkia wa mwisho wa kangaruu. Jumamosi ile nusu ya mji wa Alice Springs, katikati ya Australia, ilikuwa dukani, watoto wanalia, vigari vinagongana.

"Achia, kaka," alisema Delvene. Alivaa sketi ya manjano yenye maua, miguu pekupeku, kofia ya timu ya mpira imekaa upande. "Mama yangu anausubiri huu."

"Na mimi nina njaa."

"Wewe? Na viatu hivyo vinavyong'aa? Utauchoma kwa kitu gani, kwa pasi?"

Lyndon alicheka, akaachia. Akasema ukweli wake: alizaliwa mji huu huu, Mwarrernte, mwenyeji wa asili kama yeye, ila serikali ilimchukua angali mtoto, akalelewa na Wazungu huko Adelaide. Sasa amerudi, anafanya kazi ofisi ya serikali inayogawa nyumba. Mkia hajawahi kuuchoma.

"Maskini wa Mungu," Delvene alisema. "Haya, njoo mtoni ule. Lakini mgeni hupewa upande mwembamba."

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na hapo ndipo Delvene na mama yake walipolala miaka yote wakisubiri nyumba. Lyndon alikula upande mwembamba, akalamba vidole. Tangu siku hiyo hakuwapa mabosi wake nafasi ya kupumua mpaka wawili wale wakapata nyumba ya vyumba vitatu.

"Umelala, mpenzi?" Lyndon alimpigia simu Delvene usiku wa kwanza.

"Nitalalaje? Mama anafungua bomba kila mara, asikie tu maji yakitoka."

"Na mimi nitahamia lini?"

"Muulize yeye."

"Namwogopa."

"Basi endelea kulala na viatu vyako!"

Baridi ilipoanza, Lyndon alipelekwa Adelaide kwa mafunzo. Huku nyuma yule mama alilala chumbani mwake na hakuamka. Mungu ampokee, jina lake silitaji, bado mapema kulitaja jina la aliyekufa. Delvene akafanya yanayompasa binti. Alikata nywele, akajipaka udongo mweupe, na siku ile ile yeye na jamaa zake wakaihama nyumba, wakaenda kambi ya msiba nyuma ya vilima. Simu aliizima, maana ndani yake mlikuwa na picha na sauti ya marehemu, navyo ni mwiko wakati wa msiba.

Lyndon akarudi na pete mfukoni. Alikuta mlango wazi, mapazia yametolewa, magodoro hayapo.

"Wameondoka," jirani alimwambia kutoka kwenye ua. "Usiingie humo." Akageuka, akaenda zake.

Akapiga simu. Kimya. Akamkumbuka mwanamume mmoja wa zamani wa Delvene, na wivu ukamkaba. Bosi alipomuuliza nyumba ile ina nani, alijibu, "Hamna mtu. Amehama." Kufuli likabadilishwa.

Akaja kumkuta Lorna, mama mdogo wa Delvene, palepale dukani, udongo mweupe kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Hukuja kulia nasi. Mwanamume gani wewe?"

"Kumlilia nani?"

Lorna aliweka kikapu chake chini. "Yule aliyekuwa anakuwekea chai," alisema.

Lyndon aliingia kambini akilia kwa sauti kabla hajamfikia mtu yeyote. Delvene alimpokea begani, wakalia pamoja kama desturi. Kisha akajitoa.

"Nimesikia kufuli limebadilishwa. Ulisema hamna mtu?"

"Nilisema. Nilidhani umenikimbia."

"Nyumba iliyofiwa huachwa, Lyndon. Inafukizwa moshi, roho iende zake kwa amani, ndipo turudi. Wazungu wasipojua, sishangai. Wewe?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Ulikuwa na mdomo wa kuuliza."

"Nitaidai. Nitawatoa waliomo."

"Ni kina nani?"

"Familia kutoka mtoni. Watoto wanne."

Delvene akainuka. "Watoto wanalala humo bila moshi? Twende."

Lorna alitangulia na bakuli la makaa na majani mabichi. Wenye nyumba wapya walitoka nje bila kuuliza, watoto wamefunikwa blanketi. Moshi ukaingia chumba kwa chumba. Delvene aliufuata hadi chumba cha mama yake, akazungumza naye kwa sauti ndogo, akamuaga. Lyndon alibeba matawi nyuma yao, machozi na moshi hayatofautiki. Jikoni mtoto mmoja alikuwa ameliacha bomba likitiririka. Delvene alilifunga taratibu. Ufunguo hakuuomba.

Jioni alitandika blanketi lake mtoni. Lyndon akaja na lake, akasimama ng'ambo ya moto, pekupeku. Akatoa pete.

"Irudishe mfukoni," Delvene alisema. "Sina nyumba, sina nywele, sina mama. Usiniulize leo."

"Niondoke?"

Delvene alifukua mkia wa kangaruu majivuni, akaukata, akamnyooshea upande mwembamba.

Lyndon akaupokea kwa mikono miwili.