Zamu ya Amos Whitlock

Kishindo kilikuja saa nane usiku, hapo nje ya mlango wa chumba cha kulala, kama mtu aliyebeba gunia la mahindi kutoka mbali akalitua kwa mara moja, kisha akashusha pumzi. Jeptoo alifikiri ni Naftali, mume wake, ametoka kazini mapema. Akamwita kwa sauti ya chini. Ndipo akakumbuka kwamba Naftali yuko shifti ya usiku kwenye ghala kule Eagan, huku Marekani walikohamia, mpaka asubuhi, na kwamba katika apatimenti ile walikuwa wawili tu, yeye na Eric wa miezi miwili, na Eric alikuwa macho, halii, anautazama mlango.

Huo ulikuwa usiku wa kwanza baada ya ile wikendi ya mvua.

Safari ya wikendi hiyo ilitoka kwa bosi wa Naftali. Alikuwa na kikundi cha watu wazima wanaovaa sare za askari wa zamani, wa vile vita Wamarekani walivyopigana wenyewe kwa wenyewe enzi za utumwa. Wanapiga mahema kwenye bustani ya umma, wanalipua mizinga isiyo na risasi, watu wanaleta watoto kuona askari waliishi vipi. Weusi wa kusimama mahali pa askari weusi walikuwa wachache, akambembeleza Naftali, na Naftali naye akanogewa, akavaa koti la sufu la buluu na kujiangalia kwenye kioo kama bwana harusi. Jeptoo aliona ni upuzi, lakini kukaa ndani na mtoto siku nzima kulikuwa kumemchosha kuliko upuzi wowote, akaenda nao Bloomington, mji wa jirani.

Ilinyesha Jumamosi, ikanyesha Jumapili. Watazamaji walikuja wachache, wakapiga picha, wakakimbilia magari. Askari wakabaki chini ya turubai, viatu vimejaa maji, wananywa kahawa isiyo na sukari. Jumapili jioni wakasema hawaondoki kabla ya kufanya desturi yao: mmoja anasimama, anaita jina la askari wa kweli aliyekufa vitani, na mwenzake anamwitikia kwamba yupo. Jeptoo alikuwa amekaa pembeni, Eric mapajani, analia tangu mchana. Wakaita wa kwanza, wakaita wengine. Walipoita Amos Whitlock, Eric alinyamaza ghafla, akapiga chafya.

Sasa, kwa Wakalenjin mtoto akizaliwa wanawake hukaa naye na kuwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja, na jina litakalompata akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, na wanawake humkaribisha. Eric alikuwa bado hajaitiwa. Mama mkwe alikuwa amesema kutoka Kericho kwamba wamsubiri, atakuja kuita kwa mdomo wake mwenyewe, na viza ikakawia. Kwa hiyo chafya ile ilipotoka, Jeptoo, kwa uchovu na kwa mazoea, akicheka kidogo, maneno yakamponyoka.

“Karibu nyumbani.”

Hapo hapo radi ikapiga, nguzo ya turubai ikaanguka, kila mtu akatimua mbio kwenda kwenye gari lake.

Usiku wa pili kishindo kilikuwa ndani ya chumba. Kilikuja na harufu ya sufu iliyolowa na baruti, na alipowasha taa, zulia kando ya kitanda cha mtoto lilikuwa chapachapa. Eric halii tena. Akichoka anashusha pumzi ndefu, pumzi ya mzee aliyetembea tangu alfajiri. Titi amelikataa. Na alikuwa mzito, mzito mpaka Jeptoo akimbeba mgongoni kiuno kinamlia, mara nyingine anakaa chini katikati ya sebule na hawezi kuinuka, lakini kliniki walipompima, mizani ikasema anapungua, na daktari akasema asipoanza kunyonya wiki hiyo watamlaza, na hakujua atamlaza kwa ugonjwa gani.

Mchungaji alikuja na mafuta. Akaomba mpaka shati likalowa, Eric akimtazama bila kupepesa. Usiku ule mzigo usioonekana ulituliwa juu ya kitanda, godoro likabonyea karibu na mguu wa Jeptoo, na hakuthubutu kuuvuta mguu.

Naftali aliporudi asubuhi alimkuta jikoni, blanketi mabegani.

“Baba Eric, ile kitu yenu ya kuita wafu. Huwa mnaimalizaje?”

“Kapteni huwa anawaambia waende,” Naftali akasema, akivua buti. “Mmefanya kazi yenu, rudini mlikotoka. Mwaka huu mvua ilitufukuza.” Akajaribu kucheka. “Kwani wafu wa huku wanangoja waandikiwe memo?”

Kisha akamwangalia mtoto, kicheko kikaishia mdomoni.

Ndipo Jeptoo akampigia Mama Joan, mwanamke wa kwao aliyezeeka kazini, anayeosha wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee kule Maple Grove, akamsimulia chafya ile na jina lililoitwa. Alikuja usiku wa mapumziko yake na ugoro kidogo kwenye kitambaa, Naftali akiwa kazini. Akampaka mtoto puani, akaanza kuwaita wa ukoo wa Naftali: Arap Chelule, Arap Mosonik, hata shangazi aliyefia Londiani. Eric hakupiga chafya. Aliwatazama tu.

“Wamekuja,” Mama Joan akanong'ona. “Wanasimama nje. Kiti kina mtu.”

Mzigo ukatuliwa. Taa ikafifia. Mama Joan hakuruka; alikaa ukingoni mwa kitanda na kusema kwa Kiingereza, kwa ile sauti anayoitumia kazini kwa wazee waliosahau majina yao, taratibu, kama anayemfunika mtu shuka.

“Amos, baba, umechoka. Vita viliisha zamani. Nenda ukalale.”

Mvua ikasugua kioo, harufu ya sufu ikapanda mpaka Jeptoo akageuza uso, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka mahali pasipo na bomba, na Eric akafungua mdomo, na ulimi wake haukusogea hata kidogo, lakini kikatoka Kiingereza cha mwanamume mzima, kikavu, kisicho na hasira yoyote, kilichochoka tu.

“Siwezi kuliacha lindo. Nani ananipokea zamu?”

Mama Joan akamshika Jeptoo mkono kwa nguvu, akamtikisia kichwa: usijibu. Yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja. Swali likarudiwa, chini zaidi, na kila lilivyorudiwa kifua cha Eric kilizama ndani, mbavu zikahesabika chini ya ngozi kama vijiti, na Jeptoo akaona kwamba mtu huyu hatachoka kuuliza, na mtoto atachoka.

“Mimi,” akasema. “Nakupokea mimi.”

Eric akapiga chafya. Mama Joan akaita Arap Chelule upesi upesi, na Eric akapiga chafya ya pili, kisha akalia, kilio kibaya cha njaa, kizuri kuliko wimbo. Jeptoo alipomwinua alikuwa mwepesi kama shati. Akashika titi.

Na hapo hapo mikanda ya mzigo ule ikamkaa Jeptoo mabegani. Hakuiona, aliisikia ikibana, na maji baridi yakishuka katikati ya mgongo. Usingizi uliokuwa ukimchoma macho tangu ajifungue ulikauka wote.

“Ulijua unachosema?” Mama Joan akauliza.

“Nilijua.”

“Basi nisikilize, mwanangu. Ukimweleza mtu, huyo amelijua lindo, na ukizidiwa ndiye utakayemwachia, hata kama hutaki. Naftali usimwambie. Mama yako usimwambie. Mimi nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo naondoka usije ukaniachia mimi, na mlango huu sitaugonga tena.”

Alikuwa tayari amevaa koti. Eric alinyonya akihema, vidole vimekunjwa kwenye nguo ya mama yake, amefumba macho kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Jeptoo alisimama naye dirishani, kwa sababu kukaa hakuwezi tena, akiangalia maegesho ya magari na mvua.

“Sitamwambia mtu,” akasema.

“Sema vizuri.”

“Sitamwambia mtu mwingine yeyote, Mama Joan. Naahidi.”