Mbalamwezi Kiwandani

Soko la Mwandiga lilinukia mawese mabichi na udongo ulionyeshewa alfajiri. Nasma alikuwa amekwama katikati ya wauza ndizi na wapakiaji wa magari, dumu la mawese kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika pindo la baibui. Hakuona aliyemgonga. Alisikia tu kifuniko kikifyatuka, kisha akaona kanzu nyeupe ya kijana aliyesimama mbele yake ikigeuka nyekundu kuanzia begani hadi kiunoni.

Kijana akaitazama kanzu. Akamtazama Nasma. Akaitazama kanzu tena.

"Leo Ijumaa," akasema.

"Najua. Nisamehe, kaka."

"Kaka nani? Undugu wetu umeanza lini?"

"Basi nisamehe, babu."

Wauza ndizi wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na alipocheka uso wake ulifunguka kama dirisha linalotazama ziwani. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mabega ya mtu wa kazi, kofia ameiinamisha upande kwa maringo.

"Naitwa Luqman, wa Ujiji. Kiwanda cha sabuni kimenituma huku kununua mawese, nami nilikuwa nimevaa kabisa nipitilize msikitini. Sasa wewe unayewaunga watu mawese kama maharage, mwenyeji wa wapi?"

"Kagunga," akajibu.

Lilikuwa jibu alilofundishwa na Bi Mwanne. Kweli yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Rumonge, kwenye nyumba ya marehemu baba yake mvuvi. Nasma alivuka mwaka ule wa machafuko watu walipofurika ufukwe wa Kagunga wakisubiri meli, akapelekwa pamoja na mjomba wake kwenye kambi upande wa Kasulu. Miezi ya hema ilipomchosha alitoroka bila kibali, akaja Rusimbi, Kigoma mjini, kwa Bi Mwanne, aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge na mama yake enzi za amani. Mkimbizi akikutwa mjini bila kibali, safari yake ni kituo cha polisi. Kwa hiyo Nasma alitembea Kigoma kama mtu abebaye maji kwenye sahani.

"Waa hili halitoki kwa maji matupu," Luqman alisema. "Sabuni iko kwetu. Na wanatafuta wakataji."

Nasma alijiambia anakwenda kwa ajili ya kazi.

Kiwanda kilikaa ukingoni mwa ziwa, kati ya Kigoma na Ujiji. Ukisimama mlangoni asubuhi uliiona milima ya Kongo ikielea ng'ambo, ya bluu, haina miguu, kana kwamba mtu ameichora kwa pumzi. Ukiingia ndani, milima ilikwisha. Humo kulikuwa na masufuria makubwa ya mawese yanayotokota, mvuke wa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, unaochoma koo, na meza ndefu ambako wanawake walikata miche ya sabuni kwa waya, mikono mitupu. Kostiki ilikula ngozi kwanza kwenye kucha, halafu kati ya vidole. Glavu walizisikia tu. Siku ya kupumzika haikuwapo. Na kila zamu ilipoanza, msimamizi, Elikana, alifunga mlango kwa nje ili mche usitoke na mtu, akaondoka na ufunguo kiunoni.

Luqman alikuwa mkorogaji. Alisimama juu ya jukwaa na mwiko mrefu kama kasia, jasho likimeremeta, na kila aliposhuka kunywa maji alipita kwenye meza ya Nasma.

"Shemeji zangu hamjambo," aliwaambia wanawake wengine.

"Shemeji wa nani?" Nasma aliuliza bila kuinua macho. "Nani amekuoa?"

"Bado nasubiri. Wenye mawese yao hawajaleta posa."

Jioni alimpigia simu. Nasma alijibanza nyuma ya jiko la Bi Mwanne, kanga imefunika simu na sikio.

"Umekula nini, laazizi?"

"Ugali wa muhogo na dagaa."

"Dagaa wangapi?"

"Luqman, nani anahesabu dagaa?"

"Mimi. Nataka kujua wangapi wamepata bahati ya kukukaribia leo."

"Oya sha, wewe ni mwongo."

"Hilo 'sha' lako. Watu wa Kagunga wote wanasema hivyo?"

"Wote," alijibu haraka, maana neno hilo la kirafiki la Rumonge lilikuwa limemponyoka, na utamu ukachanganyika na hofu ulimini mwake. Mara kadhaa alitaka kumwambia. Lakini Luqman alikuwa na mdomo usio na kifuniko. Alichokipenda alikitangaza, alichokichukia alikitangaza zaidi. Siri ingekaa wapi kwa mtu wa namna hiyo?

Kisha Rozalia akaanguka.

Ilikuwa saa sita, mvuke umekaa ndani kama wingu lililokosa njia. Rozalia, mkataji mwenye mimba changa, alishika meza, akaiachia, akalala sakafuni. Waligonga mlango kwa ngumi, kwa mwiko, kwa vyuma. Elikana alikuwa amekwenda kula, na ufunguo umekwenda naye. Aliporudi anajichokonoa meno, Rozalia alikuwa anapumua kwa shida na sakafu ina damu. Alipona. Mimba haikupona.

Jioni ile Luqman na Nasma walikuwa ufukweni, Luqman akitembea huku na huko, mchanga ukiruka kwenye visigino vyake.

"Kesho napanda jukwaani. Nitasema mpaka kuta zitikisike. Nitamwambia Mzee Iddi, mwenye kiwanda, kwamba watu si mbuzi wa kufungiwa zizini. Anifukuze akitaka."

"Atakufukuza kweli. Wewe utakuwa shujaa nje, Rozalia atakuwa ndani mlango umefungwa."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo. Sikiliza. Baba yangu alivua dagaa kwa taa ya karabai miaka yote. Uliwahi kuona mvuvi akigombana na mwenye boti siku za mbalamwezi?"

"Wagombane nini? Mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Watu wanapumzika."

"Ndiyo hivyo. Hakuna hotuba. Hakuna kiongozi. Mwezi unajaa, karabai zinatundikwa, watu wanashona nyavu na kuoana. Mwenye boti akikasirika, amkasirikie nani? Huyu Mzee Iddi alianza na boti za dagaa kabla ya sabuni. Hii sheria anaijua kwenye mifupa."

Luqman akasimama. Ziwa lilikuwa limetulia, la rangi ya shaba.

"Unasema tufanye mbalamwezi kiwandani."

"Wote. Mwezi ukijaa, hakuna anayekuja. Akiuliza, tunamwambia tunapumzika. Tutarudi kukiwa na mlango ulio wazi, glavu, na siku moja ya kupumzika kila wiki. Asiwepo wa kunyooshewa kidole."

"Mwanamke wewe," akasema kwa sauti ya chini, "nikikuoa nitapata akili."

"Kwanza nyamaza. Hiyo ndiyo kazi yako. Kunyamaza."

Neno lilipita kimyakimya, kutoka bomba la maji hadi meza za kukatia, kutoka Rusimbi hadi Ujiji. Mwezi ulipojaa, masufuria yalipoa. Mawese yaliganda kwa rangi ya chungwa, mwiko umesimama katikati. Wafanyakazi walikaa nje ya uzio, wamevaa vizuri kama watu wa sikukuu, wanawake wanasukana, wanaume wanacheza bao. Nasma alikuwa amevaa kanga mpya ya zambarau. Upepo wa ziwa ulikuwa mtamu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu avuke aliona anaishi mahali.

Elikana alitoka getini. "Nani amewaambia mkae hapa?"

"Mbalamwezi, bwana," mmoja alisema. "Tunapumzika."

"Nauliza kiongozi wenu."

Mwingine akasogeza kete ya bao. Kilikuwa kimya kizuri, kimya cha nguvu, nacho kingetosha. Lakini Elikana akatabasamu kwa dharau. "Nilijua. Wajinga hawa hawawezi kuwaza jambo peke yao. Kuna mwanasiasa nyuma yenu."

Luqman akainuka. Nasma alimwona, akamwashiria akae.

"Hakuna mwanasiasa," Luqman alisema, na sauti yake ilijaa fahari kama tanga linaloshika upepo. "Wazo hili ni la mwanamke. Amekaa pale, mwenye kanga ya zambarau. Nasma, binti wa mvuvi wa Kagunga. Wajinga ni wale waliomfungia mlango mtu mwenye akili kama hiyo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Luqman alimgeukia akitabasamu, kama mtu aliyemvika dhahabu hadharani.

Elikana hakukasirika. Alikuja polepole mpaka mbele ya Nasma.

"Kagunga ndiko nilikozaliwa," alisema. "Wavuvi wa Kagunga nawajua, na baba zao nawajua. Wewe binti wa nani?"

Nasma aliyatazama maji ya ziwa.

"Nyumba yenu iko upande gani? Shangazi yako nani?"

"Mjibu basi, mpenzi," Luqman alisema, bado anatabasamu.

Nasma alisimama, akajifunga kanga, akaondoka. Hakukimbia; aliogopa kwamba akikimbia watamfuata. Nyuma yake alisikia Elikana akimwagiza mtu kuwaita polisi wa kuangalia vibali, na sauti ya Luqman ikiita jina lake, kwanza kwa mapenzi, kisha kwa mshangao, mwisho kwa hasira.

Jua halijatua alikuwa ndani ya basi la Kasulu, paji la uso kwenye kioo. Simu iliita na kuita. Alipoipokea, Luqman hakungoja salamu.

"Umetuacha. Nimekusifu mbele ya watu wote, umenigeuzia mgongo. Watu wananicheka, Nasma. Ulitupeleka vitani halafu ukakimbia."

"Ndiyo. Kukimbia ndiyo kazi yangu."

"Maana yake nini?"

"Mimi si wa Kagunga. Ni wa Rumonge. Ni mkimbizi, sina kibali, na wewe umenisimamisha katikati ya uwanja ukaniita kwa jina. Nilikuomba jambo moja tu. Unyamaze."

Alisikia pumzi yake, na nyuma yake sauti za watu wa Ujiji wakitoka swala ya magharibi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewaambia wangapi?"

Nasma akakata simu, na milima ikaliziba ziwa.

Habari zilimfikia kwa kupitia Bi Mwanne, kipande kwa kipande. Elikana alimwita Luqman ofisini, akamtaka aseme mkimbizi yule amejificha wapi na kina nani walimfuata. Akisema atapewa usimamizi wa zamu, asiposema atafukuzwa. Luqman alikaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi alasiri akitazama ukuta. "Huyu wetu wa maneno," Bi Mwanne alisema kwenye simu, "walidhani amepooza. Wakampa barua ya kufukuzwa, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa kwenye bao na wenzake, mdomo umefungwa."

Watu hawakurudi. Mwezi ulianza kumeguka, nao wamekaa tu, safari hii kwa ajili ya Luqman. Mzee Iddi alikuja mwenyewe, akatembea kati ya masufuria yaliyoganda, akagusa sabuni iliyoharibika kwa kidole. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye benchi pamoja na wachezaji, mzee aliyewahi kungoja mbalamwezi nyingi akiwa na boti ufukweni. Hakuna aliyejua alichowaza. Alipoondoka aliagiza kufuli ing'olewe, glavu ziletwe kutoka mjini, mkorogaji arudishwe, na kila mtu achague siku yake ya kupumzika katika wiki.

Nje ya kambi kuna soko ambako wakimbizi na wanakijiji huuziana vitu. Mjomba wa Nasma, Mzee Abdulkarimu, hushona viatu hapo. Nasma alikuwa ameketi kando yake akimshikia uzi, baibui lina vumbi jekundu, alipoona vumbi jingine likija, na ndani yake kanzu. Waa la mawese halikuwa limetoka. Lilikuwa limefifia tu, rangi ya waridi.

"Shikamoo, mzee," Luqman alisema.

"Marahaba. Kiatu kiko wapi?"

"Sina kiatu, mzee. Bi Mwanne amenielekeza huku. Nimekuja..." Akamtazama Nasma, na yale maneno yote ya Ujiji yakamkauka. "Nimekuja kumsalimia."

Mjomba aliwatazama wote wawili, akajidai kwenda kutafuta uzi ulio mkononi mwa Nasma.

"Umekonda," Nasma alisema.

"Nimekosa wa kumhesabia dagaa."

"Bado nina hasira, Luqman."

"Najua. Hata mimi ninayo, lakini yako ina haki zaidi." Aliketi chini, vumbini, na kanzu yake. "Nilitaka dunia ikuone. Nilikuwa naringa na kitu ambacho si changu. Na wewe ulininyima kukujua."

"Nilikunyima," alisema. "Niliogopa. Nisamehe."

Kwa mbali watoto walikuwa wakifukuzana na tairi. Jua lilipita kwenye turubai za maduka likawapaka wote rangi ya bluu, kana kwamba wameketi chini ya maji.

"Naomba nikuoe," Luqman alisema.

"Siruhusiwi kutoka hapa. Ukinioa utakuwa na mke wa kambini. Vibali tutavifuata miaka, na huenda tusivipate."

"Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika. Nimeichagua kwa sababu basi halijai. Nitakuwa nayo kila wiki mpaka nife, na kuanzia leo ni yako. Ni ndogo. Ndiyo niliyonayo."

Nasma alitazama mikono yake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imeanza kufunga kati ya vidole.

"Kwetu posa haiji na mtu mmoja," alisema hatimaye. "Alhamisi ijayo uje na wazee wako. Wao ndio watakaosema. Mchumba anakaa pembeni, anatazama mkeka, hatoi neno, hata mjomba akikutukana. Na mjomba atakutukana. Utaweza?"

Luqman alifungua kinywa kujibu. Akakifunga. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, macho yamelowa, na Nasma akacheka kicheko ambacho wauza mihogo wa soko zima waligeuka kukitazama.