Sitini-na-Tisa ya Mzee Damdin

“Iachie hiyo taa, kaka. Mimi nimeishika kwanza.”

“Wewe umeigusa tu, dada. Aliyeishika ni mimi.”

Vumbi la Aprili lilikuwa limelifunika soko la vipuri la Ulaanbaatar, na wanunuzi walipita wameziba pua, macho wameyafinya. Mbele ya turubai la muuza vyuma, watu wawili walikuwa wanang'ang'ania taa moja kuukuu ya gari. Mwenye koti refu la rangi ya ngamia, lililomkaa kiunoni utadhani amezaliwa nalo, alikuwa Uyanga, mkata vitambaa katika kiwanda cha makoti ya sufu. Mwenye ovaroli la buluu lililojaa grisi alikuwa Zolbayar, fundi magari.

“Hata gari lake unalijua?” Zolbayar alimchokoza.

“Sitini-na-Tisa. Taa ya kushoto hiyo. Ya kulia tunayo.”

Zolbayar aliiachia taa kama iliyomuunguza. Wasichana aliowajua mjini hawakuwa na habari na lile gari la Kirusi la milimani, sembuse kulitaja kwa jina walilolipa wazee.

“Nani ana Sitini-na-Tisa zama hizi?”

“Baba yangu. Yaani sote, nyumba nzima.”

“Inatembea?”

“Inakohoa.”

“Basi chukua taa, mteja wangu atasubiri. Ila kwa sharti: nikamwone mgonjwa.”

“Kwani wewe daktari?”

“Wa kikohozi hasa.”

Uyanga alicheka ndani ya kitambaa chake chekundu, akampa namba ya simu, na alipofika kituo cha basi alikuwa bado anacheka peke yake.

Mzee Damdin, baba yake, aliwahi kuendesha gari kama hilo miaka ishirini na miwili huko Arkhangai, akimpeleka daktari wa wilaya kwa wagonjwa, akivuka mito na theluji. Walipohamia mjini akawa mlinzi wa ghala, kisha akastaafu, kisha akanyamaza. Siku nzima alikaa kwenye ua wao juu kilimani akitazama moshi wa mji. Majira ya baridi yaliyopita, Uyanga na mama yake, Tsermaa, waliliona gofu la Sitini-na-Tisa nyuma ya karakana moja, mbwa wamezalia ndani. Wakachanga, wakalinunua, wakalivuta hadi nyumbani. Mzee alilizunguka mara tatu, akapapasa boneti, akasema, “Huyu mshenzi bado mzima.” Tangu siku hiyo ulimi wake ukafunguka. Na wote wakaapa: Julai, kabla ya sikukuu ya Naadam, watakwenda nalo Arkhangai.

Zolbayar alikuja Jumapili ya kwanza, akaja ya pili, na ya tatu Mama Tsermaa alikuwa ameshamwekea bakuli lake la chai ya maziwa. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama alisugua kutu kwa brashi huku akiimba. Uyanga alishona paa la turubai kwa uzi wa kiwandani. Mzee alisafisha vipande vya injini kwa petroli, kimoja kimoja, akivitambua kwa vidole. Zolbayar alilala chini ya gari, miguu nje, na kila Uyanga alipopita aliipiga teke kidogo.

“Aa! Nani huyo?”

“Mwenye nyumba. Fanya kazi.”

Siku za kazi walipigiana simu mchana.

“Umekula, mpenzi?” Uyanga aliuliza.

“Nimekula buuz tano za nyama.”

“Tano tu? Unaumwa?”

“Nimekukumbuka. Zimekataa kushuka.”

“Mwongo wewe. Ulikula kumi.”

“Kumi na mbili. Lakini kwa huzuni.”

Katikati ya Juni mkono wa usukani, kile chuma kinachounganisha usukani na magurudumu, ulionekana una ufa. Zolbayar alisema atatafuta mwingine. Mzee Damdin hakungoja. Aliazima mashine ya kuchomelea kwa jirani, akauunga mwenyewe, akaufunga tena. Jioni aliwapitia majirani wote waje waone. “Mnaona? Hivi vidole bado havijafa!” Mama Tsermaa aliingia nyuma ya jiko akalia kwa furaha, maana hakuwa amemwona mumewe akijivuna hivyo miaka kumi.

Wiki moja baadaye Zolbayar, akiwa chini ya gari na tochi mdomoni, aliutazama mshono ule vizuri. Moto ulikuwa umepita kando ya ufa, umbali wa upana wa kidole. Mzee alikuwa hajaona alipokuwa anachomelea. Macho yale yalikuwa yamekwenda, na alikuwa amemficha kila mtu.

Angesemaje? Amwambie mzee mbele ya mkewe na binti yake kwamba kazi aliyoitangaza kilima kizima ni mauti? Amwambie Uyanga, ambaye uso wake haukujua kuficha lolote? Aliamua atafute mkono mwingine wa aina ile ile, aubadilishe kimya kimya, na heshima ya mzee ibaki ilipo. Kila alipotoka kazini alikwenda sokoni. Haukupatikana.

Ikawa siku tatu kabla ya safari, Uyanga naye yuko sokoni kununua vifungo vya turubai. Alimwona Zolbayar kwenye duka la mtu aliyejulikana kwa kuwakusanyia matajiri magari ya kale. Alitaka kumziba macho kwa nyuma. Akamsikia akisema, “Ni ya asili kabisa, mwaka ule ule. Nataka jambo hili liishe kabla ya Ijumaa. Wenyewe hawajui, na wasijue.”

Mikono yake ikarudi chini. Aliondoka bila vifungo.

Siku hizo tatu simu ya mchana iliita, na Uyanga akaitazama tu inavyotikisika mezani. Usiku wa pili alipokea.

“Uyanga, nimekukosea nini?”

“Sijui. Niambie wewe.”

“Hakuna kitu, kipenzi.”

“Haya. Hakuna kitu.” Akakata.

Asubuhi ya safari, kabla jua halijapanda, Uyanga alitoka uani na kumkuta Zolbayar amepiga magoti mbele ya gari. Spana mkononi. Mkono wa usukani umefunguliwa, umefungwa kitambaa, uko nusu ndani ya mfuko wake.

“Weka chini.”

“Uyanga, ngoja…”

“Weka chini! Ulianza na taa, ukaja na maneno matamu, kumbe unapima vipuri. Umeuza ngapi?”

“Kuuza? Mimi?”

“Nilikusikia sokoni. ‘Wenyewe hawajui, na wasijue.’ Mimi ndiye mwenyewe, Zolbayar. Sasa najua.”

Rangi ilimtoka usoni. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo lilikuwa limelala pale ndani, kwenye kitanda cha mzee, linakoroma. “Niamini hadi saa sita mchana,” alisema kwa sauti ya chini. “Msiondoke kabla sijarudi. Nakuomba.”

“Kwa nini?”

“Siwezi kusema.”

“Basi na mimi siwezi kuamini.” Alimpokonya kile chuma, akalala chini ya gari na koti lake jipya la hariri ya kijani aliloshona kwa ajili ya sikukuu, akaanza kukifunga. “Umenifundisha mwenyewe,” alisema kutoka chini. “Asante. Nenda.”

Zolbayar alijiambia kwamba safari ni saa nane, na kwamba saa nne angekuwa amerudi, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku ile mtu mmoja wa kusini mwa mji alikuwa amempigia: mkono umepatikana. Ule mbovu alikuwa ameufungua ili gari lisiweze kutoka kabla hajarudi. Akakimbia. Lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote, na alilijutia muda mrefu.

Maana saa tatu Mzee Damdin alisimama uani amevaa kofia yake ya udereva. “Magari ya Naadam yataziba barabara. Tunaondoka sasa.”

“Zolbayar je?” Mama Tsermaa aliuliza.

“Hatakuja,” alisema Uyanga, akajifanya anafunga mizigo.

Mama hakuridhika. Akajitenga, akampigia Zolbayar simu. “Mwanangu, mbona hivi? Mzee ameshawasha gari.”

“Mama, lizimeni! Zuieni hilo gari, usukani…”

“Sikusikii, mwanangu, injini inapiga kelele. Sema tena?”

Lakini mzee alikuwa anapiga honi. Mama alirusha maziwa kwa kijiko kuelekea mbinguni kuibariki safari, akapanda, na simu ikapotelea ndani ya mkoba.

Zolbayar alikuwa kwenye gari la mtu asiyemjua, mkono mpya wa usukani mapajani, chini tu ya kilima. “Kaka, kimbiza. Kimbiza kama mkeo anajifungua.” Dereva aliutazama uso wake, hakuuliza bei. Msongamano ulipowazuia kwenye barabara kuu, Zolbayar aliruka nje akapanda kwa miguu.

Barabara ya kutoka kilimani ina sehemu ya tambarare mbele ya duka la makaa, kisha inapinda na kuporomoka moja kwa moja hadi barabara kuu ambako mabasi hayapungui. Sitini-na-Tisa ilikuwa imefika dukani. Mzee alikuwa kwenye usukani, anatabasamu, anaendesha kwa mazoea zaidi kuliko kwa macho. Uyanga, kando yake, ndiye aliyemwona mtu anapanda mteremko mbio, kisha anasimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

“Baba, breki! Breki!”

Gari lilisimama bampa ikiwa imegusa ovaroli la Zolbayar. Alikuwa hana pumzi ya kusema.

“Umerukwa na akili?” Uyanga alishuka. “Unataka kufa?”

“Shukeni,” alihema. “Wote. Mzee Damdin, naomba ushuke.”

Alijitupa chini ya gari palepale. Zilisikika nati zikifunguka, na watu wa duka la makaa wakaanza kusogea. Alitoka na kile chuma cha zamani. Akamtazama mzee. Hata sasa hakuweza kumwaibisha.

Mzee Damdin alinyoosha mkono. “Lete.” Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, akarudia, akaupata ufa kando yake. Uso wake ulizeeka mbele yao.

“Ni kazi yangu, sivyo?”

Zolbayar akainamisha kichwa.

“Kuna nyundo? Kigonge.”

“Mzee, si lazima.”

“Nimesema kigonge.”

Zolbayar alikiweka juu ya jiwe, akagonga mara moja, wala si kwa nguvu. Kilikatika vipande viwili kama mkate mkavu. Mama Tsermaa aliutazama ule mteremko, akautazama ule mkato unaong'aa, akakaa chini pale pale barabarani.

“Tangu mwaka jana,” mzee alisema bila kumtazama mtu, “jicho la kushoto ni ukungu mtupu. La kulia linafuata. Niliogopa mkijua mtaniweka tena pale uani nitazame moshi. Na moshi wenyewe siuoni.” Kisha akamgeukia Zolbayar, kwa ukali. “Na wewe! Ulijua lini?”

“Wiki mbili.”

“Ukanisitiri. Heshima yangu ingetuzika watu watatu, mpumbavu wewe. Siku nyingine niaibishe!”

“Ndiyo, mzee.”

Uyanga alikuwa amesimama kando, grisi kwenye hariri ya kijani, mikono yote miwili mdomoni. Ni yeye aliyekifunga chuma kile asubuhi. Ni yeye aliyekaza nati. Alimfuata Zolbayar hadi nyuma ya duka la makaa.

“Sokoni… ulikuwa unanunua.”

“Nilikuwa natafuta. Karibu niuze figo.”

“Usinichekeshe.” Machozi yalikuwa yanamchuruzika. “Nimekuita mwizi.”

“Na mimi nikakuacha ukalala chini ya gari lile ukafunga kifo kwa mikono yako, nikaenda zangu nikidhani nina muda. Tumekoseana wote. Wewe ulinidhania vibaya, mimi ningekuua.”

“Ungeniambia mimi peke yangu.”

“Ungeweza kumtazama baba yako usoni na kunyamaza?”

Alifikiri. “Hapana. Ningelia hapo hapo.” Kisha akampiga kifuani kwa ngumi, mara mbili, na ya tatu ikageuka ikamshika kola. “Bora nilie. Unasikia? Bora nilie kuliko kudanganywa.”

Naadam waliisikiliza redioni mwaka ule, nyumbani, bila raha nyingi. Mzee alipelekwa hospitali. Wakasema jicho la kulia linaweza kuokolewa kwa upasuaji, la kushoto basi. Akarudi na bandeji, akamkabidhi Uyanga ufunguo wa gari bila hotuba. Zolbayar na Uyanga walifungua kila nati upya, kutoka bampa hadi bampa, na kila walipotilia shaka kitu walikisema kwa sauti, hata kilipokuwa kidogo, hata mzee alipokasirika.

Waliondoka mwishoni mwa Agosti. Uyanga aliendesha, mzee kando yake akisikiliza injini na kumkosoa kila gia. Siku ya pili, wingu jeusi linajikusanya juu ya mabonde, tairi la nyuma likapasuka. Zolbayar akapiga magoti kwenye nyasi. Uyanga akamshikia nati viganjani.

“Uyanga.”

“Mm?”

“Nilipanga kusema tukifika, mbele ya ndugu zenu, na kitambaa cha hariri ya buluu mikononi kama inavyopasa. Nimekinunua, kipo kwenye begi. Lakini nimechoka kuficha mambo. Nataka kukuoa. Tena nakuogopa kidogo. Basi, yote nimesema.”

Dirisha la turubai likafunguka. “Amekubali!” alisema Mama Tsermaa.

“Tsermaa, kaa kimya,” sauti ya mzee ilitoka mbele. “Anaulizwa binti.”

Uyanga alisimama na nati zake tano viganjani. Upepo ulimpeperushia nywele usoni na hakuwa na mkono wa kuzitoa. Alimtazama yule mtu aliyepiga magoti, shavu lina tope, anangoja kwa hofu ya kweli.

“Nitaolewa na wewe,” alisema. “Sasa kaza hizi, mvua inakuja.”